Uzoefu wangu wa kutumia Gentoo katika steshenari, Tanga

Nina steshenari ndogo Ngamiani, Tanga, ya kuchapa barua, kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta mpakato ninayoieleza hapa niliinunua ya mtumba. Ina prosesa ya kori mbili, RAM ya GB 4 na feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Mfumo endeshi iliokuja nao ulikuwa umeielemea mno, hata nikiagiza waraka ufunguke niliweza kumtolea mteja nakala zake, nikamrudishia chenji, na waraka bado haujafunguka. Ndipo nikaamua kuweka Gentoo.

Kwa asiyeifahamu, Gentoo ni aina ya Linux, mfumo endeshi huria, ambayo haimpi mtumiaji mfumo uliokwisha kuungwa. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002, na jina ni la pengwini anayesifika kwa kuogelea kasi kuliko pengwini wengine. Unapakua kianzio chenye zana chache, unaigawa diski mwenyewe, kisha programu iitwayo Portage hupakua msimbo wa chanzo, yaani maandishi ya watunzi wa programu, wa kila unachokitaka na kukiunda, yaani kuyageuza maandishi hayo yawe programu inayoendeshwa, papo hapo katika mashine yako. Kabla ya kuunda, unaieleza kwa alama ziitwazo USE ni uwezo upi utiwe na upi uachwe. Ukiiwekea bluetooth alama ya kutoa, kila programu inayoweza kuishi bila bluetooth itaundwa bila hiyo.

Kuisakinisha kulinichukua siku tatu. Mwongozo wake rasmi, nilioufuata kwa Kiingereza, umeandikwa vizuri kuliko mwongozo wowote wa kompyuta niliowahi kuushika, kwa kuwa hueleza sababu ya kila amri. Nilipochagua saa za Dar es Salaam na Kiswahili cha Tanzania, kisha nikaandika amri ya tarehe, siku ya juma ikajitokeza kwa Kiswahili, nami nikakiri kwamba furaha yangu ilizidi ukubwa wa jambo lenyewe.

Taabu ilianza kwenye kuunda. Kazi hiyo huitumikisha prosesa kwa nguvu zote, saa baada ya saa, na mimi niliianza mwezi wa Februari, wakati ambapo Tanga hata ukuta wa nyumba huwa na joto. Niliiinua kompyuta juu ya vipande viwili vya mbao ili ipate hewa kwa chini, nikawa naunda usiku tu. Kwanza niliruhusu kazi nne ziende kwa pamoja, RAM ikajaa, uundaji ukavunjika. Ushauri wa kawaida ni GB 2 za RAM kwa kila kazi, hivyo nikashusha hadi mbili. Usiku uliofuata, uundaji wa GCC, yaani programu inayoziunda programu nyingine, ulikuwa umekwenda saa kadhaa umeme ulipokatika, na betri ya mtumba haikumaliza dakika kumi. Portage inajua kuendelea na orodha pale ilipoishia, lakini kile kifurushi kilichokuwa katikati kilianza upya kabisa.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Katika hamu ya kupunguza uzito nilitoa pia uwezo wa kuchapisha, kwa kuwa wakati huo printa ilikuwa imeunganishwa kwenye kompyuta nyingine ya dukani. Kompyuta ile ilipoharibika, nilijikuta nina mfumo mwepesi, wa haraka, usiojua printa ni kitu gani, na mteja amesimama mbele yangu akisubiri barua ya kuombea kazi. Nilirudisha alama ya CUPS, mfumo wa kuchapisha wa Linux, na kuamuru vifurushi vilivyoguswa viundwe tena, ikiwamo maktaba ya GTK, yaani msimbo wa pamoja ambao programu zangu nyingi za madirisha huutegemea. Yule mteja nilimwelekeza duka la pili.

Tangu Desemba 2023 Gentoo hutoa pia vifurushi vilivyokwisha kuundwa, na sasa kivinjari na programu ya kuandikia navichukua hivyo. Anayeona huko ni kudanganya aje aunde kivinjari kwa RAM ya GB 4. Masasisho huja mfululizo, hakuna toleo jipya la kusubiri, kwa hiyo nayafanya kila Jumapili usiku, kwani nilipoyaacha kwa miezi miwili yalirundikana yakanila bando la wiki nzima.

Nikiiwasha, kompyuta hutumia chini ya MB 400 za RAM kabla sijafungua chochote, na waraka hufunguka mteja akiwa bado anatoa flashi mfukoni. Jirani yangu wa duka la simu aliponiomba nimwekee na yeye, nilimuuliza kwanza kama ana betri nzima na usiku wa kukesha. Hakuwa navyo, nikamwekea Debian, aina nyingine ya Linux ambayo huja ikiwa imekwisha kuundwa, na imemtosha.