Huduma ya polisi kuondoa wauza kete mtaani kwetu: nawapa nyota tatu, tena kwa sababu ya mtu mmoja

Mtu akiuziwa simu feki Kariakoo anaandika mpaka vidole vinauma, akiletewa pilau la jana anaandika, ila huduma ambayo wote tunailipia kwa kodi, ya polisi kutuondolea wauza unga vichochoroni, sijaona mtu anaipa nyota. Haya ngoja nianze mimi. Niko Dar, uswahilini, mtaa sitaji na kituo sitaji maana nalala hapahapa na wahusika wote wananijua kwa sura, ila najua kuna watu wa Manzese na watu wa Tandika watasoma hii na kila mmoja ataapa nimeandika kwao.

Kwanza mjue biashara yenyewe inavyokwenda, maana bila hivyo hamtaelewa nyota zangu. Kichochoro chetu kiko nyuma ya fremu za maduka kinatokea kwenye mfereji. Anayepokea hela hashiki mzigo hata siku moja. Mteja anakuja anampa hela kijana aliyekaa kwenye benchi la kahawa, wanasalimiana kabisa, afu anaelekezwa kwa mdomo tu, nenda pale kwenye tairi, au anapita mtoto mwingine ambaye hata hamuangalii anadondosha kitu chini anapitiliza. Kete ni kinailoni cha unga kimefungwa kimechomwa juu kwa kiberiti, kidogo mno, mwenye nacho akiona hatari anakitupa mdomoni na kesi imeishia hapo. Sasa ukimkamata yule wa kwenye benchi unamkuta na noti za elfu mbili mbili na kikombe cha kahawa, utamshtaki kwa lipi?

Sasa tuje kwenye huduma zenyewe, maana ni kadhaa na watu wanazichanganya.

Msako wa difenda, lile gari la wazi la polisi: nyota moja, na hiyo moja ni ya mafuta waliyochoma. Difenda ikikata kona ya lami kuna dogo wa bodaboda pale anapiga honi mara mbili fupi, basi, mtaa mzima ushajua. Wauzaji hawakimbii jamani, nataka hili mlielewe, wanatembea. Kuna mmoja siku hiyo alienda kununua muhogo wa kukaanga akasimama anautafuna anaangalia askari wanavyoruka kutoka kwenye gari, akaongeza na pilipili. Wanaobaki kichochoroni ni mateja wenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ambao hata kusimama ni kazi, na yeyote aliyekuwa anapita na yake, kama yule dogo wa fundi magodoro aliyetumwa chapati. Wote juu ya gari. Kesho yake mchana nusu wamerudi, keshokutwa wote wamerudi. Kituoni ukutani kuna tangazo kubwa kwamba dhamana ni bure, na chini ya tangazo hilohilo mama mmoja jirani yangu alitoa elfu thelathini "ya usumbufu" mwanae akatoka, risiti hamna kwahiyo hata sijui niiite nini. Ukipiga hesabu, teja akilala lokapu siku mbili muuzaji amepoteza mteja mmoja kwa siku mbili. Hasara yake yote ni hiyo. Sisi tumepoteza imani, na yule dogo wa chapati mpaka leo akiona sare anabadilisha njia.

Kupeleka kesi mahakamani: nyota mbili. Hapa nataka niwe mkweli, sio uvivu tu wa polisi. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ni kali sana, watu wanafungwa miaka na miaka, na ndio maana mawakili nao wanachambua kila kitu. Mzigo ukikamatwa lazima ujazwe hati ya ukamataji, ufungwe, uandikwe nani kampa nani, uende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali apime aseme kweli huu ni unga na sio panadol iliyosagwa, ukirudi uandikwe tena nani kaupokea, na pale kwenye kukamata awepo shahidi huru asiye polisi. Huyo shahidi huru ndio nani sasa? Ni mjumbe wetu. Mzee wa watu ana kisukari. Alisaini mara moja tu, afu akaanza kuitwa mahakamani, nauli yake, anakaa kwenye benchi asubuhi mpaka saa sita anaambiwa imeahirishwa, na kwenye benchi la nyuma yake kakaa kaka wa mshtakiwa anamsalimia "shikamoo mjumbe, nyumbani hawajambo?" Hebu fikiria hiyo salamu. Mwisho akaacha kwenda, kesi ikafa, kijana akarudi kwenye benchi lake la kahawa. Msako uliofuata mjumbe alijifungia chooni mpaka difenda imeondoka, na mimi simlaumu hata kidogo. Wanaosema "wananchi hawatoi ushirikiano" wangeanza kwa kumlipia huyu mzee nauli.

Ile namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya: nyota tatu na nusu. Ni bure, na ukiwa na cha maana wape cha maana, nyumba ipi, gari gani linaingia, muda gani, nani anashusha. Usipige kusema kuna teja kaiba sufuria langu. Hawa wanashughulika na mizigo, na kwenye mizigo siwezi kuwabeza, Desemba 2023 walikamata kilo 3,182 za heroini na methamphetamine ndani ya mwezi mmoja, Dar na Iringa. Tani tatu! Huo unakuja kwa bahari, unatoka Afghanistan unashuka pwani ya Iran na Pakistan unapakiwa kwenye majahazi mpaka huku kwetu. Ila mtu wa kichochoroni kwetu hajawahi kuliona jahazi, yeye anaona kete alizopewa asubuhi na hela anayotakiwa kurudisha jioni. Ndio maana juu wakipiga vizuri huku chini tunasikia tu bei imepanda, na bei ikipanda mateja wanaiba zaidi, wanaoumia ni wenye majiko ya gesi na nguo za kwenye kamba.

Mnakumbuka 2017 lakini. Februari ile Makonda akiwa mkuu wa mkoa anasoma majina kwenye TV, wasanii wanaripoti kituo cha kati, mwezi huohuo Magufuli akamteua Rogers Siang'a kuwa kamishna mkuu wa kwanza wa Mamlaka, mji mzima ulikuwa unaongelea unga kuliko Simba na Yanga. Huku kwetu kweli kijiwe kilikauka, mateja walikuwa wanatetemeka mchana kweupe wanaomba hata dawa ya maumivu. Afu kelele zikapoa na watu wakarudi kwenye nafasi zao. Kelele nyota tano, kudumu nyota moja.

Ulinzi shirikishi sitaki kuandika sana. Kila nyumba inatoa hela kila mwezi, vijana wanapewa filimbi na marungu, na wengine kati yao ndio wateja wa asubuhi. Usiku mmoja wakampiga teja mpaka ndugu zake wakaenda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na hapo mtaa ukagawanyika nani alipe hospitali. Nyota moja na nusu, ile nusu ni kwa wale wawili wanaozunguka kweli.

Haya sasa huyu ndio amenifanya niandike. Mkaguzi wa kata. Kwa wasiojua, polisi waliweka mkaguzi kwenye kata, mtu wa nyota begani kabisa, kazi yake akae na watu asikae kituoni. Wengi tulidhani ni ile ya kuja kwenye mkutano wa hadhara anatoa namba ya simu afu anapotea. Wetu alikuja kwa miguu. Akauliza muuza kahawa yuko wapi, akaenda akakaa kwenye benchi lilelile. Benchi la biashara! Akaagiza kahawa na kashata, akavua kofia akaiweka gotini, akaanza kuongea mambo ya Ligi Kuu na wazee. Yule kijana wa hela alikuwa amekaa pembeni yake kabisa hajui asimame au abaki.

Wateja wa kete wana muda wao, alfajiri wakiamka na arosto na jioni kuanzia magharibi, na afande ndio muda huohuo anakuja kunywa kahawa. Hakamati mtu. Mteja anatokea kwenye kona anaona ile shati anageuza. Anatokea mwingine anageuza. Bi mkubwa mmoja anayeuza vitumbua akamuuliza kwa sauti watu wote wasikie, "Mwanangu afande, wewe mbona hukamati?" Akamjibu, "Mama shikamoo, mimi nimekuja kunywa kahawa tu, kwani kuna nini hapa?" Watu walicheka, na yule kijana wa hela naye alicheka lakini cheko la kulazimisha, na wiki ile sikumuona tena pale.

Baadae ndio nikaanza kuona kuna akili. Alimtafuta mwenye lile pagale la nyuma ambako walikuwa wanavutia, mtu anaishi Mbagala huko, akamwambia weka mlango au ezua bati ubomoe, mlango ukawekwa. Akambana mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuhusu taa, mwenyekiti kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 alikuwa ametuahidi taa mpaka kwenye mfereji akishinda, basi akaona aibu, tukachanga, taa zikafungwa zinavuta umeme kwenye fremu ya duka la dawa na kila mwezi tunamchangia mwenye duka luku. Mateja wenyewe anawajua kwa majina na anajua nani ana kadi ya kliniki.

Hapo kwenye kadi ndio naomba wakubwa wa polisi wasome mara mbili. Kliniki za methadone, ile dawa wanayopewa mateja ili waache unga, zipo Muhimbili tangu 2011, Mwananyamala tangu 2012, Temeke tangu 2014, dawa ni bure, unakunywa kikombe mbele ya nesi afu unaondoka, ila ni kila siku, kila siku ya Mungu. Kuna mtoto wa jirani hapa alikuwa anatembea na waya za watu mfukoni, leo anaosha magari, anamlea mwanae, kazi yake ngumu ni nauli ya kufika kliniki kila asubuhi. Sasa msako wa difenda ukipita asubuhi unamkuta njiani, sura yake bado ni ya teja, anapakiwa. Anatoa kadi, askari hataki hata kuiangalia. Analala ndani, dozi imempita, arosto inampanda usiku akiwa sakafuni, akitoka anakwenda wapi? Sio kliniki, kliniki ni mpaka kesho asubuhi. Anaenda kwenye tairi. Yaani gari la serikali limemtoa kwenye dawa ya serikali likamrudisha kwa muuza kete, na mafuta tumelipa sisi. Mkaguzi wetu alienda kituoni kumtetea mmoja wa hawa, mara hiyo ilisaidia, ila hiyo ni yeye binafsi, sijaona kama ni utaratibu.

Mkaguzi nampa nyota nne na nusu. Ile nusu nimekata kwa sababu wauzaji hawajaacha biashara, wamehama. Wamevuka mfereji tu, sasa hivi watu wa ng'ambo ndio wanalala na sufuria ndani, na wana haki ya kutununia. Kata yetu ina mitaa mingi, mkaguzi ni mmoja, pikipiki hana, siku akiitwa kwenye lindo la mpira au msafara wa kiongozi benchi linabaki wazi na ndani ya saa moja utaona sura zimeshaanza kuchungulia. Na akihamishwa je? Polisi hukai sehemu moja mpaka uote mvi.

Kwa ujumla, sio kwa kupiga wastani bali kwa ninavyoona mimi, nawapa nyota tatu, na bila yule wa kahawa ningewapa moja na nusu.

Kwa wale wenye shida hii na bado wanasubiri difenda, ushauri wangu nendeni kwa mkaguzi wa kata yenu, msiende mmoja mmoja, nendeni kumi na mwenyekiti akiwa mbele, maana mmoja atajulikana jioni yake. Msipeleke majina, pelekeni saa na sehemu, wanauza saa ngapi na wanavutia wapi, pagale lipi. Andikeni barua kupitia serikali ya mtaa, mgongewe mhuri, mbaki na nakala, siku mkaguzi akihamishwa mnampelekea hiyohiyo mkaguzi mpya. Na kahawa mlipieni, ya kwetu ni mia tu, ila msimlipie hela nyingine yoyote.