Tuisheni ya fasihi na insha pale Mwanga: maoni ya mama muuza dagaa

Wazazi wenzangu wa Kigoma mjini mmeniuliza sana kuhusu tuisheni ya Kiswahili anakosoma binti yangu wa kidato cha tatu, ile ya mwalimu mstaafu pale Mwanga, kwenye banda la mabati uani kwake. Kwa kifupi, hela yangu haijapotea. Ila malalamiko ninayo, nitayasema.

Kwanza mjue pale hakuna kufanyiwa homuweki. Mtoto akienda na swali akitegemea kuondoka na majibu, atarudi na swali lile lile na mengine juu yake. Mwalimu anataka aje na alichojaribu mwenyewe, hata kama ni mistari mitatu. Halafu anamwambia apigie mstari kinachoulizwa: jadili, linganisha, thibitisha. Binti yangu alikuwa mtu wa kumeza pamfleti. Ukimgusa tu kuhusu Ngoswe, ile tamthiliya ya Edwin Semzaba, anakumwagia dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, vyote kwa mpangilio. Swali liwe la wahusika, liwe la mandhari, orodha ni hiyo hiyo.

Sasa angalia daftari lake. Swali lilikuwa kama uzembe ni wa Ngoswe peke yake. Ameandika kwamba aliyezichoma karatasi za sensa ni baba yake Mazoea, kwa hasira, lakini Ngoswe ndiye aliyemtafutia hasira hizo, maana alitumwa kuhesabu watu akaishia kuhangaika na Mazoea, binti wa watu. Pembeni kuna wino mwekundu: "Vizuri. Tukio gani linathibitisha?" Yaani mzee huyu hata akisifia, anauliza.

Insha ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Zamani kila insha yake ilianza na maana: mazingira ni jumla ya mambo yote yanayomzunguka mwanadamu, rushwa ni hiki na kile. Mwalimu akapiga marufuku. Akawapa kuandika juu ya kazi ya mzazi, na wangu akaandika habari za Kibirizi, mwalo wetu wa dagaa hapa Kigoma: dagaa wa mchangani na dagaa wa kichanja. Ikarudishwa. Msomaji wa Dodoma, aliambiwa, hajui kichanja ni nini wala kwa nini bei zinapishana. Basi jioni akanikalia na daftari mapajani: mama, kwani vinatofautianaje? Nikamweleza kwamba kwenye kichanja, yaani uchaga ulioinuliwa juu ya ardhi, upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi na hawashiki mchanga, lakini wale wanaoanikwa mchangani mvua ikiwakuta ni hasara. Akauliza tena kwa nini mbalamwezi ikiwa kali biashara inalala. Nikamwambia dagaa wanafuata taa, na ziwa likiwa na mwanga wote ule wa mwezi, taa ya mvuvi haiwavuti. Yote aliandika, kwa maneno yake. Miaka yote nauza dagaa, hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniuliza hayo.

Nimeshaona na njia nyingine. Kuna steshenari moja hapa mjini watoto wanatoa buku mbili, wanachapiwa majibu ya mtandaoni, wanakwenda kuyanakili. Mtoto wa jirani alipeleka shuleni uchambuzi wa kitabu ambacho hata hakimo kwenye orodha yao! Tena umeandikwa vizuri kuliko mwalimu wake anavyoandika.

Haya, malalamiko. Banda linajaa. Kidato cha pili na cha nne wanakaa pamoja, na mtihani wa taifa ukikaribia, wa kidato cha nne ndio wanaopewa muda wote, wengine wanaachiwa zoezi ubaoni. Mvua ikinyesha kwenye yale mabati, somo limekwisha, hakuna anayesikia kitu. Madaftari anayasahihisha kwa makini, ndiyo, lakini yanachelewa kurudi, wakati mwingine homuweki ya shule imeshapita siku yake. Na fasihi ya Kiingereza hagusi kabisa. Mwenye shida hiyo atafute kwingine, mimi bado natafuta.

Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Ukiongea naye vizuri anakubali ulipe mara mbili, lakini ukimya hataki. Nilijaribu kumpelekea dagaa kufidia mwezi mmoja uliokuwa mgumu. Akacheka, akasema, "Mama, nikila dagaa zako nitamgombezaje mwanao?" Akanipa hadi mwisho wa mwezi uliofuata.

Anayetaka nafasi aende Jumamosi asubuhi kabla vipindi havijaanza, aende na mtoto mwenyewe na daftari lake la insha. Bila daftari anawarudisha.