Kupimwa macho na rangi Kariakoo: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, na tangu ujana nimekuwa nikichanganya uzi wa kijani na wa kahawia. Mwaka jana, nilipoanza kushindwa kusoma maandishi ya mbele ya mabasi ya mwendokasi mpaka yanikaribie kabisa, nilidhani ni ugonjwa uleule umezidi, na duka la kwanza nililoliendea likaniuzia lenzi za rangi kwa ahadi kwamba zingemaliza yote mawili. Ukungu ulibaki palepale. Nyuzi zilibadilika sura tu, nami nikaendelea kukosea. Fedha hiyo iliniuma sana.

Kliniki ya pili ndiyo ninayoisifu hapa. Mpimaji alinionyesha herufi juu ya vibao viwili, chekundu na kijani, nikamwambia, kwa aibu, kwamba rangi hizo hunisumbua. “Usijali, kaka,” alisema, “rangi sikuulizi, niambie tu herufi za upande upi zimekolea, kulia au kushoto.” Alinieleza kwamba mwanga wa kijani hupinda zaidi ya mwekundu unapoingia jichoni, hivyo asiyeona mbali huona upande mwekundu vizuri zaidi, na kwamba kipimo hicho humfaa hata mwenye upofu wa rangi kwa sababu kinapima ukali wa herufi.

Baada ya kunivisha lenzi za majaribio, alifungua kitabu cha Ishihara cha kupima upofu wa rangi, chenye vidoa vya rangi vinavyounda namba, kilichotungwa Japani mwaka 1917. Ukurasa wa kwanza nilisoma 12, kama kila mtu. Wa pili niliona 3, naye akaniambia kwamba wengine huona 8. Nilivua lenzi, nikavaa tena: vidoa vilikuwa safi kabisa, na bado ilikuwa 3. Hapo nilielewa kuliko kwa maelezo yoyote. Kutoona mbali kwangu kunatokana na jicho kurefuka, mwanga ukakutana kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na miwani huurudisha mahali pake. Rangi ni kazi ya chembe za retina yenyewe, nami nimerithi kasoro hiyo kwa mama.

Nawapa alama nne kati ya tano, kwa kuwa miwani ilichelewa wiki mbili. Kijana wangu wa kazi sasa ameandika jina la rangi kwenye kila kigurudumu cha uzi, nami nayasoma nikiwa nimeketi kwenye cherehani.