Alizima kifaa mdogo wangu akiwa katikati ya sentensi

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama unatafuta mtaalamu wa tiba ya usemi kwa ajili ya ndugu yako asiyeweza kusema kwa mdomo, mtu wa kumfundisha kuongea kwa kishikwambi na swichi, soma kwanza yaliyotupata. Habari za kifaa chenyewe, ukubwa wa skrini na betri inakaa muda gani, utazikuta popote. Mimi namzungumzia binadamu anayeketi mbele ya kifaa.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Ni mwanaume mzima, ana ndevu, anafuatilia mpira kuliko mtu yeyote nyumbani, anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Mikono haimtii, ulimi haumtii. Kinachomtii ni kichwa, tena upande mmoja tu. Akikisogeza kulia anabonyeza swichi iliyofungwa kwenye kiti chake, karibu na shavu. Kwenye skrini kuna jedwali la herufi na maneno, na mwanga unashuka mstari kwa mstari. Ukifika kwenye mstari anaoutaka, anabonyeza. Hapo mwanga unaanza kutembea ndani ya mstari, kisanduku kwa kisanduku, naye anabonyeza tena. Amepata herufi moja. Akichelewa kidogo mwanga unampita, inabidi asubiri uzunguke mpaka urudi. Na siku ambayo shingo imekakamaa, kama inavyomtokea akiwa na wasiwasi au hata akiwa na furaha kupita kiasi, anakosa mara tatu, mara nne, na kila anapokosa ndivyo shingo inavyozidi kukaza. Neno moja linaweza kula dakika nzima, mara nyingine mbili.

Kumbuka hilo, kisha sikia kilichotokea.

Ilikuwa miezi kadhaa iliyopita, kipindi chetu cha tano au cha sita. Mtaalamu alichelewa kuanza nasi kwa sababu aliyetangulia alichukua muda mrefu. Alipomfikia mdogo wangu hakufungua ukurasa wake wa herufi. Alimwekea ukurasa ule ule aliokuwa akiutumia na mtoto aliyetoka: picha ya mwanasesere, picha ya puto, picha ya paka. "Nionyeshe paka yuko wapi. Haya, hongera! Mtoto mzuri!" Akapiga makofi. Mdogo wangu alionyesha paka. Alionyesha na puto. Kisha akaacha kuonyesha, akatafuta njia ya kutoka kwenye ukurasa ule yeye mwenyewe, kwa kichwa chake, akarudi kwenye herufi zake. Akaanza kuandika. M, i, m, i. Ikaja nafasi. S. Halafu i.

Mtaalamu akatazama saa ya ukutani. Akatazama skrini. Akageuka kwangu, si kwake, akasema: "Anasema hataki. Amechoka, dada. Tuishie hapa leo." Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha pembeni, skrini ikawa nyeusi.

Swichi ile ina mlio mdogo, tak, kila inapobonyezwa. Skrini ilipokwisha kuzimika nikausikia. Tak. Kisha tena, tak. Alibonyeza mara mbili kwenye giza.

"Mimi si." Kila anayekijua Kiswahili anajua ni milango mingapi inafunguka hapo. Sitaki. Sijui. Sijaelewa. Sioni vizuri. Si hivyo. Herufi mbili hizo zinaweza kubeba kukataa, kukiri, kulalamika au kumsahihisha mtu. Yeye akachagua mlango mmoja, ule uliomwezesha kumaliza kazi kwa wakati, akaupitia kwa jina la mdogo wangu.

Ninachoshindwa kumeza ni kwamba alijua. Si mgeni wa kazi hii. Wiki ya kwanza kabisa alitukalisha chini, mimi na mama, akatueleza kwa nini mtu asimalizie maneno ya mwenzake. Alitueleza hivyo kwa sababu ya historia yetu: zamani kidogo kuna mtu alikuja nyumbani akawa anamshika mdogo wangu mkono na kuuongoza juu ya kibao cha herufi, na yakatoka maneno mazuri mno, shukrani kwa mama, hata sala. Tulilia siku ile. Mtaalamu akatuambia bila kutuficha kwamba njia hiyo ilipimwa katika miaka ya 1990. Msaidizi na anayesaidiwa walionyeshwa picha tofauti, kila mmoja yake asiyoiona mwenzake, na neno lililoandikwa likawa la picha aliyoiona msaidizi. Maneno yalikuwa ya msaidizi aliyeshika mkono, wala hakujua kwamba ni yake. Mama aliumia kusikia hivyo, mimi niliumia pia, lakini mtaalamu alisema jambo ambalo nililishika: afadhali neno moja baya lililo lake kuliko kumi mazuri yasiyo yake.

Sasa niambie. Mtu aliyesema hayo kwa mdomo wake ndiye anayesoma "mimi si" na kutangaza "hataki"?

Na ukutani kwake kuna bango la Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ule wa mwaka 2006. Nimekwenda kuusoma baada ya siku ile. Kifungu cha 21 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutoa maoni yake kwa njia ya mawasiliano aliyoichagua mwenyewe, na njia hizi za vifaa na vibao zimetajwa humo wazi. Marekani nako wataalamu wa fani hii hii waliandika orodha ya haki za mawasiliano mwaka 1992, wakairekebisha 2016, na mojawapo ni kwamba mtu aambiwe yeye moja kwa moja, asisemewe na wala asizungumzwe kana kwamba hayupo wakati yupo. Yupo! Alikuwa umbali wa mkono. "Amechoka, dada." Kwa nini hukumuuliza yeye kama amechoka? Ana jibu la ndiyo na hapana ambalo halihitaji hata umeme, anatazama juu kwa ndiyo, chini kwa hapana. Wewe ndiye uliyetufundisha kulisoma.

Watu wakisikia habari za vifaa hivi humtaja Stephen Hawking, na mimi namtaja pia, ila kwa sababu nyingine. Alipoteza sauti mwaka 1985 baada ya upasuaji wa koo, na miaka yake ya mwisho alikuwa akiongoza kompyuta kwa msuli wa shavu, mwanga ukipita kwenye herufi kama unavyopita kwenye skrini ya mdogo wangu. Alikuwa polepole vile vile. Lakini ukumbi mzima ulinyamaza ukamngoja. Hakuna aliyeinuka akasema "nadhani profesa hataki" na kumzimia mashine. Najua mdogo wangu hana nadharia za mashimo meusi. Kungojwa kusiwe zawadi ya wenye akili za ajabu peke yao.

Nilikuwa nimekwisha kuandika hapa "msiende kwake kabisa". Nimefuta. Ngoja niseme na upande wa pili, maana nikiuficha nitakuwa nimefanya kama yeye.

Kabla ya mtaalamu huyu mdogo wangu hakuwa na sauti yoyote. Wawili waliomtangulia walijaribu kidole, wakajaribu macho. Macho yalishindikana kwa sababu kichwa chake hakitulii mbele ya kamera. Wakaandika kwenye faili kwamba hafai kwa kifaa. Waliandika hivyo hivyo, hafai, kana kwamba yeye ndiye aliyefeli mtihani. Huyu mwanamke alifika, akakaa sakafuni, akamtazama karibu kipindi kizima bila kumgusa. Alikuwa anatafuta mjongeo mmoja tu ambao mdogo wangu anaweza kuuanza akitaka na kuuacha akitaka. Alijaribu goti, likagoma. Alijaribu kiwiko. Mwishowe akaiona ile namna anavyogeuza kichwa kulia anaposikia jina lake likiitwa, akaweka swichi pale, akaisogeza, akaisogeza tena kidogo. Halafu akaja kwenye kasi ya mwanga. Wengine waliiacha kama ilivyotoka dukani. Yeye aliipunguza mpaka mdogo wangu akaacha kukosa, kisha akawa anaiongeza kidogo kidogo kila wiki.

Jamaa zetu walisema tukimpa mashine ulimi wake utalala moja kwa moja. Ni yeye aliyetutoa hofu, akatueleza kuhusu mapitio ya tafiti ya mwaka 2006 ambayo, katika zile tafiti zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, hayakumkuta hata mtu mmoja aliyepungukiwa usemi kwa sababu ya kifaa, na wengi waliongeza. Mama alikuja kuliamini hilo kwa sauti, si kwa karatasi: tangu kifaa kije, mdogo wangu anaguna zaidi na anacheka kwa sauti zaidi.

Ni yeye pia aliyeona kwamba majedwali ya picha yaliyotengenezwa kwa lugha nyingine hayatoshi kwa Kiswahili. Kwetu "sijamwambia" ni neno moja, ndani yake mna mimi, mna hapana, mna bado, mna yeye, mna kuambia. Ukimpa mtu picha ya kuambia na picha ya hapana tu, umemkata nusu ya lugha. Akamjengea safu ya viambishi pembeni ya herufi, ni-, si-, ha-, nita-, ili abonyeze mara chache. Hiyo "si" aliyoibonyeza siku ile, kumbe, aliipata kwake. Ingawa siku ile aliiandika herufi kwa herufi. Sijui kwa nini, labda shingo ilikuwa nzito na mwanga wa upande ule ulikuwa unamkimbia.

Basi nikikumbuka hayo hasira inashuka, na nikiikumbuka ile tak, tak, inapanda upya. Siwezi kuzipatanisha.

Nilimpigia simu siku ya pili. Mwanzoni alijitetea: "Dada, kulikuwa na watu watatu nje wananisubiri." Nikamwambia hata aliye ndani alikuwa anasubiri. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nisamehe, nilikosea." Nikamjibu kwamba si mimi niliyezimiwa. Akanyamaza tena, halafu akanipa kazi: niweke kisanduku kipya kwenye jedwali, kwenye kona ya kwanza kabisa mwanga unapoanzia, kiandikwe "Sijamaliza", na kikibonyezwa kiseme papo hapo kwa sauti ya juu. "Kingekuwepo tangu mwanzo," alisema. "Ni kosa langu kutokuwepo." Nimekiweka. Mdogo wangu anakitumia sana, zaidi kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Maana na mimi nilikuwepo. Skrini ilipozimwa sikusema "washa." Nilichukua mkoba, nikafungua breki za kiti, nikamsukuma mpaka nje, nikamuaga mtaalamu kwa heshima. Hasira ilinijia njiani, ilipokuwa haimfai tena. Ukiwa na ndugu yako chumbani na ukaona kitu kama hiki, usingoje kufika njiani.

Jioni ile nilikiwasha kifaa. Sentensi ilikuwa imepotea, ukurasa mtupu. Sikumuuliza kitu. Nilivuta kiti nikakaa upande wake wa kushoto nisimzuie kichwa. Akaanza upya, tangu M. Alikosa mara nyingi. Kuna wakati alitulia kabisa, amefumba macho, nikadhani amekata tamaa, nikataka kusema "kesho", nikajizuia. Akafumbua macho, akaendelea. Mimi. Si. Mto. Hapo hata mimi nilishajua, na kinywa changu kilishafunguka kumalizia. Nikakifunga. Akabonyeza t nyingine, akakosa o, mwanga ukazunguka wote, akaipata. Akateua kisanduku cha kusema, na ile sauti ya mashine, inayotamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, ikasema: mimi si mtoto.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama tutafute mtaalamu mwingine. Nilimpa majina mawili. Alitazama chini, hapana. Nikaanza kumweleza kwamba basi tutakwenda, nami nitaongea na yule mtaalamu nimkumbushe yaliyotokea, nimwambie wazi kwamba... Kifaa kikanikata: "Sijamaliza." Nikangoja. Ilimchukua muda mrefu, na nimeinakili kama alivyoiandika: "nitarudi nitamwambia mwenyewe usinisemee".

Nimepiga simu kuweka nafasi. Nimeomba siku hiyo wasimpangie mtu yeyote nyuma yetu.