The House Bunny (2008): Anna Faris anaibeba filamu mgongoni

Kisa chenyewe hakina jipya. Shelley Darlingson anaishi kwa raha katika jumba la Hugh Hefner, mwanzilishi wa jarida la Playboy, anatimiza miaka 27, kesho yake anakabidhiwa barua ya kufukuzwa. Anaangukia Zeta Alpha Zeta, chama cha wasichana wa chuo kisicho na mvuto, ambacho kisipopata wanachama wapya 30 kitanyang'anywa nyumba. Anakuwa mlezi wao, anawaremba, anawafundisha kuvutia wanaume.

Kinachoifanya itazamike ni Anna Faris. Angalia anavyotambulishwa majina ya wasichana: kila jina analirudia kwa sauti nzito ya kuunguruma, kama aliyepandisha pepo, kisha papo hapo tabasamu linarudi mahali pake. Anaeleza bila haya kwamba ndivyo anavyoyakumbuka. Sauti inachekesha, lakini kinachovunja mbavu hasa ni kasi ya kurudi. Angechelewa kidogo tu ili ahakikishe tumecheka, utani ungekufa. Hali ni hiyo hiyo anaposimama juu ya tundu la mvuke akiiga pozi la Marilyn Monroe na kuishia kuungua miguu. Faris hamcheki Shelley hata mara moja. Anamwigiza kama mtu mwenye mantiki yake kamili, na ndiyo maana tunamhurumia badala ya kumdharau.

Emma Stone, akiwa Natalie, ndiye pekee anayekaribia kasi hiyo, kwa yale maneno yanayomtoka ovyo kila akiona mvulana. Kat Dennings anaanza vizuri akiwa Mona mkali, halafu akishapambwa mwandishi anamsahau.

Na hapo ndipo filamu inapopwaya. Mageuzi yenyewe yanapitishwa mbio mbio kwa muziki, nywele na nguo, hivyo hatuoni nani alisita, nani alifurahia. Baadaye wasichana wanageuka wenye majivuno, wanajishtukia, na kuamua kuwa nusu Shelley, nusu wao wenyewe. Wazo zuri, ila limefika wakati urembo umeshawapatia kila walichotaka. Waandishi wa filamu hii, Karen McCullah Lutz na Kirsten Smith, walilifanya hili vizuri zaidi katika Legally Blonde (2001), kwa sababu Elle, mhusika mkuu wa filamu hiyo, alikuwa na masomo ya sheria ya kupigania. Shelley hana lake, ana Oliver tu, mwanamume anayempenda. Colin Hanks anamwigiza Oliver kama kijana mwema, basi. Miadi yao ya pili, Shelley akiwa na miwani na vikaratasi vya kunakilia hoja za kisomi, inachekesha kwa juhudi za upande mmoja.

Ni dakika 97, na utani wa kimapenzi umejaa, kwa hiyo watoto wadogo walale kwanza. Ukiwa na haraka, tazama saa ya kwanza. Drama za kugombea nyumba unaweza kuzisikiliza ukiwa jikoni.