Kebo fupi: kujibana hapo hapo au kusogea kituo kingine?

Tesla ilipowafungulia wenye magari ya umeme ya Ford chaja zake za kasi za Supercharger huko Marekani mwaka 2024, wenye Mustang Mach-E walikuta kebo za V3 (chaja za kizazi cha tatu) hazifiki. Tundu la kuchajia la Tesla liko nyuma kushoto. La Mach-E, mbele kushoto.

Ukijibana, unaingiza pua na kuvuta kebo ya nafasi ya jirani. Umeme unaupata papo hapo, lakini umekula nafasi mbili, na kituo kikijaa utakatwa jicho. Kebo iliyokazwa kama kamba ya mbuzi pia hulemea plagi.

Ukisogea hadi kwenye nguzo za V4 (kizazi cha nne), kebo ni ndefu, unaegesha kawaida. Ila haziko kila mahali, na betri ikibaki asilimia 5 huna ubishi. Mimi ningesogea, labda usiku, kituo kitupu, ndipo ningejibana.