Stika ya mimea ya kuzuia mionzi ya simu: fundi wa Kadutu ameipima

Hapa Bukavu, sokoni Kadutu, stika hii inauzwa franga elfu kumi, na wanunuzi wengi ni akina mama wenye mimba au watoto wachanga. Wananiletea simu niwabandikie, ndiyo maana naandika.

Kwa macho ni kitu kizuri. Utando mwembamba wa kahawia, ukiuinua kwenye mwanga unaona nyuzi, na gundi yake haiachi uchafu. Muuzaji anasema ni nyuzi za mianzi na kaboni, na kwamba zinameza mionzi karibu yote.

Wazo lenyewe si uongo. Maabara zinatengeneza tando za selulosi, yaani nyuzi za mmea, zilizochanganywa na kaboni au grafini, ambayo ni kaboni nyembamba sana, na kweli zinazuia mawimbi ya simu, ndiyo hiyo mionzi. Ila kazi hiyo inafanywa na kile kinachopitisha umeme ndani yake, si nyuzi za mmea. Basi nikaukwangua utando juu na kuugusa kwa multimita, kile kipimo cha umeme: haupitishi umeme hata kidogo. Nikaifunika simu nzima kwa tando hizo, nikaipigia, ikalia palepale. Simu hiyohiyo nilipoifunga kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, tabaka juu ya tabaka, mpigaji akaambiwa haipatikani.

Na kama ingezuia kweli, ningeiogopa zaidi. Simu ikisikia mnara kwa shida huongeza nguvu ya kutuma, kwa hiyo kuziba antena ni kuichochea. Marekani, tume inayolinda wanunuzi, FTC, ilishtaki wauzaji wa vibandiko vya namna hii tangu 2002.

Hofu ya hawa mama naiheshimu. Mwaka 2011 IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B: huenda yakaleta saratani, lakini ushahidi ni mdogo. Dawa yake ni umbali, na umbali haulipiwi. Ongea kwa spika au waya wa masikioni, usilaze simu kwenye mto wa mtoto, na maongezi marefu uyaepuke pale rezo, yaani mtandao, inapokamata vibaya, kama kule chini Ruzizi ambako simu inahangaika kati ya minara yetu na ya Rwanda.

Kukinga mgongo wa simu na mikwaruzo, stika inafaa. Kwa mionzi naipa sifuri. Mama akiniambia anaitaka kwa ajili ya mtoto, siibandiki. Namrudishia ikiwa bado na karatasi yake, aende akadai pesa.